Jembe Si Adhabu: Tuketi na Watoto Wetu Tuwasimulie

Yapo maneno ambayo mzazi huyatamka bila kuyapima, mtoto akayapokea kama hukumu ya maisha yake yote. Katika nyumba nyingi za watumishi wa serikali na walimu, maneno hayo ni haya: "Usiposoma utarudi kijijini kulima." Mzazi huyasema kwa nia njema. Humwona mwanawe anacheza wakati wa kujifunza, akakumbuka ada aliyoitafuta kwa taabu, hasira zikampanda, naye akatafuta kitisho kikali kuliko vyote. Kitisho anachokipata ni jembe.

Mimi nimeyasema maneno hayo mara nyingi. Nilikuwa mwalimu kwa miaka mingi kabla ya kuhamishiwa kazi za ofisini, na watoto wangu wote wamezaliwa mjini. Jioni moja nilimgombeza kijana wangu wa kidato cha pili aliyeleta ripoti mbaya, nikamwambia kwamba kwa alama zile dawa yake ni kumpeleka kwa bibi yake akashike jembe. Nilisahau kwamba bibi yake mwenyewe alikuwapo. Alikuwa amekuja kutibiwa macho, naye alikuwa ameketi barazani, chini ya dirisha lililo wazi. Hakusema neno mbele ya mtoto. Tulipobaki wawili aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Baba, kumbe mimi ndiye niliyefeli?"

Sikuwa na jibu. Mama yule ndiye aliyelima mahindi niliyokula mpaka nikapata nguvu za kwenda shule. Kahawa iliyochumwa kwa vidole vyake ndiyo iliyoninunulia sare, madaftari na nauli ya kwenda sekondari. Nami, baada ya kupata cheti, meza na mshahara, nilimgeuza kuwa kinyago cha kumtishia mjukuu wake. Naandika makala haya kwa sababu naamini siko peke yangu katika kosa hili, na kwa sababu kosa lenyewe si dogo kama linavyoonekana.

TUMETOKA WAPI?

Katika sensa ya mwaka 1967 Tanzania ilikuwa na watu zaidi kidogo ya milioni 12, na katika kila watu mia moja, wasiofika kumi ndio walioishi mijini. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na sasa kama thuluthi moja wanaishi mijini. Maana ya hesabu hiyo ni nyepesi. Mtumishi wa serikali aliyekaribia kustaafu leo, kama si yeye mwenyewe aliyeamshwa alfajiri kwenda shamba, basi ni mama yake au bibi yake. Hatuna kabila la watu wa mjini tangu asili. Tuna watoto wa wakulima waliopanda basi.

Lakini ukiingia katika nyumba zetu huioni historia hiyo. Ukutani zimetundikwa picha za mahafali na za harusi. Mezani tunazungumza habari za bei ya mafuta ya gari, uhamisho wa wakubwa na mipira ya Ulaya. Mtoto anaweza kufika umri wa miaka kumi na minane bila kumsikia baba yake akieleza hata mara moja alivyolinda mahindi yasiliwe na ngedere, au mama yake akieleza alivyobeba mdogo wake mgongoni huku akipalilia. Mzazi anaona haya. Anadhani kwamba akisimulia alikotoka atapungua heshima machoni pa watoto wake. Hiyo ni kasumba, na yafaa tuiite kwa jina lake.

Tena kuna jambo la kushangaza zaidi. Katika nyumba zetu nyingi mtu anayejua kilimo kuliko wote ni binti aliyeletwa kutoka kijijini kuosha vyombo na kulea watoto. Yeye anajua ni wakati gani maharage yamekauka kiasi cha kung'olewa, na anajua kupepeta kwa ungo bila kumwaga hata punje. Hakuna anayemwuliza. Watoto wetu wanajifunza kumwamrisha kabla hawajajifunza kumsalimu. Mtoto wa mkulima anamtumikisha mtoto wa mkulima mwenzake, na wote wawili wanafundishwa kwamba tofauti yao ni kwamba mmoja ameepukana na shamba.

MASOMO YA MLIMANI

Naomba nieleze kidogo habari za kwetu, si kwa kujisifu, bali kwa sababu mfano mmoja unaojulikana vema ni bora kuliko mifano kumi ya kusikia. Kwetu ni katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma. Huko ardhi imeinama kama paa la nyumba. Mtu mgeni akipewa jembe katika mlima ule atalima msimu mmoja tu, kisha mvua itachukua udongo wote na kuupeleka mtoni.

Wazee wetu walipata dawa yake, nayo ni kilimo cha ngolo. Mvua za masika zikikaribia mwisho, majani ya shamba lililopumzishwa hufyekwa na kuachwa yanyauke. Kisha hupangwa juu ya ardhi kwa mistari inayokatana, hata ikatokea miraba, kila upande wa mraba kama hatua mbili. Baadaye udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufunikwa juu ya yale majani. Hapo hutokea shimo katikati na matuta pande zote nne. Mvua ikinyesha, maji hunaswa mashimoni badala ya kuporomoka na udongo, na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Maharage hupandwa kwanza juu ya matuta hayo, mnamo mwezi wa Machi, na mahindi hufuata mvua za mwisho wa mwaka zinapoanza. Mtu akiyatazama mashamba hayo kutoka mlima wa pili hudhani ni sega la nyuki lililotandazwa juani.

Wataalamu wa udongo wametoka nchi za mbali kuja kujifunza ngolo, nao wameandika habari zake katika vitabu. Mama yangu hakukaa darasani hata siku moja, lakini shimo lake halikupasuka mvua kubwa iliponyesha. Aliijua mteremko kwa nyayo zake. Huo ndio ujuzi ambao mimi, mwanawe mwenye vyeti, niliutaja kuwa ni adhabu ya aliyeshindwa mtihani.

Kazi ya namna hiyo haiwezwi na mtu mmoja. Kwa hiyo palikuwa na ushirika wa kazi uitwao ngokela: leo majirani huja shambani kwako, kesho nanyi mnakwenda kwao, na mwenye shamba huandaa chakula na pombe ya kuwashukuru. Sisi watoto tulikuwa na sehemu yetu. Tulichota maji, tulikusanya majani, tulimlinda mtoto mchanga aliyelazwa kivulini, na tulipewa vijisehemu vyetu vya kujaribia mkono. Mvivu hakutangazwa wala kutukanwa. Aliachwa nyuma katika mstari wake, na mstari wenyewe ukamsema.

Jioni ilikuwa zamu ya sengu. Hiyo ilikuwa desturi ya watu wa ukoo kukusanyika kwa mzee wao, chakula kikaletwa kutoka kila jiko, kikaliwa pamoja. Nilipokuwa mtoto desturi hiyo ilikuwa imekwisha anza kufifia, lakini kwa babu yangu ilikuwa hai bado. Hapo ndipo ilipozungumzwa kazi ya siku ile na kupangwa ya kesho. Aliyegombana na ndugu yake alisuluhishwa hapo. Mtoto wa mjane alikula kile kile alicholetewa mtoto wa mwenye ng'ombe. Na hapo ndipo wazee waliposimulia: mwaka wa njaa walikula nini, mlima ule ulifyekwa mara ya kwanza na nani, mche wa kahawa ulifikaje katika boma letu baada ya zao hilo kuanza kulimwa Umatengo katika miaka ya 1920. Wasichana nao walisikia ya kwao jikoni, kwa mama na bibi zao, huku wakipukuchua mahindi.

Kwa hiyo kazi na masimulizi vilikuwa kitu kimoja. Mchana mtoto alifanya, jioni alielezwa maana ya alichofanya. Mwalimu yeyote aliyepitia chuo cha ualimu atatambua kwamba hilo ni somo kamili: zoezi, maelezo na marudio. Tofauti yake na darasa ni kwamba mwisho wa somo watu walikula.

TUSISIMULIE UONGO

Hata hivyo, ndugu msomaji, nisieleweke kwamba naimba sifa za zamani. Aisifuye mvua imemnyea, na sisi ilitunyea kweli kweli. Kumbukumbu isiyosema machungu ni hadithi ya kulazia watoto, nayo haifundishi kitu.

Ukweli ni kwamba katika ngolo wanaume walifyeka na kupanga majani, kisha sehemu kubwa ya kuchimba ikawaangukia wanawake. Mgongo wa mama yangu umepinda kwa sababu hiyo. Ukweli ni kwamba kahawa ilichumwa, ikakobolewa, ikaoshwa na kuanikwa na nyumba nzima, lakini siku ya malipo fedha zilipokelewa na baba peke yake, na aliyeichuma akaomba ya kununulia chumvi. Ukweli ni kwamba wasichana wenye akili kuliko mimi waliachishwa shule ili wabaki kusaidia shambani, na mmoja wao ni dada yangu. Na katika nchi nzima wako wanaokumbuka ukame wa mwaka 1973 hadi 1975, ulipolazimu chakula kingi kuagizwa kutoka nje, na watu wazima wakajua maana ya kulala na njaa.

Hayo yote yasimuliwe pia. Mtoto wa kiume akisikia habari za mgongo wa bibi yake, atafikiri mara mbili kabla ya kumwachia dada yake kazi zote za nyumbani. Mtoto wa kike akisikia habari za shangazi yake aliyeachishwa shule, ataishika kalamu kwa nguvu zaidi, wala hataishika kwa kumdharau shangazi. Tunataka watoto wapende kusoma? Basi tuwape sababu ya kweli. Wambieni kwamba watu fulani walilima ili ninyi msome. Sababu hiyo ina nguvu kuliko kitisho, kwa maana kitisho hufanya kazi mpaka siku ya mtihani tu, lakini deni la heshima humfuata mtu maisha yake yote.

MAKOSA YA SHULENI

Nyumbani hatukukosea peke yetu. Shule nazo zina sehemu yake, nami nasema haya kama mwalimu aliyeshiriki.

Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maelezo yake ya Elimu ya Kujitegemea. Moja ya malalamiko yake makubwa dhidi ya elimu tuliyorithi kwa wakoloni ni kwamba ilimtenga mwanafunzi na jamii yake, ikamfanya aamini kwamba maarifa yote yenye thamani yamo vitabuni na kwa waliosoma tu, na kwamba wazee wake wasiosoma hawana la kumfundisha. Alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo yenyewe. Wanafunzi washiriki kupanga kazi, waone hesabu, wajue faida imetokana na nini na hasara imetokana na nini, na mavuno yao yainue hali ya shule yao.

Fikra hiyo ilikuwa njema. Lakini katika shule nyingi sisi walimu tuliichukua nusu tukaiacha nusu. Tulichukua jembe, tukaacha hesabu. Wanafunzi walilima, lakini hawakuambiwa yalivunwa magunia mangapi wala fedha zilikwenda wapi. Wako walimu waliowalimisha wanafunzi mashamba yao binafsi na kuita hiyo ni kazi ya shule. Na baya kuliko yote, tulilifanya jembe kuwa fimbo ya pili. Aliyechelewa: ngwe mbili. Aliyepiga kelele: ngwe mbili. Aliyeshindwa kutaja makao makuu ya mikoa: ngwe mbili. Aliyeshika nafasi ya kwanza yeye alisamehewa kulima, ikawa ni zawadi yake.

Miaka mingi baadaye nilikutana na mwanafunzi wangu wa zamani katika kituo cha mabasi. Alinisalimu kwa adabu, tukakumbushana mengi. Kisha akacheka akaniambia: "Mwalimu, ulinifundisha hesabu nikazielewa, na ulinifundisha kulichukia jembe, nalo nikalielewa." Baba yake alipofariki aliuza shamba lote, sasa anapanga chumba mjini na kununua unga wa kupima. Sikusema kitu. Ningesema nini? Mwanafunzi hufaulu somo analofundishwa.

Leo Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, imerudisha mkazo kwenye elimu ya amali. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini hapana budi tujihadhari tusirudie kosa lile lile. Somo la kilimo haliwezi kustawi katika shule ambayo saa nne asubuhi linafundishwa kama maarifa na saa nane mchana linatolewa kama adhabu.

WANAOPINGA

Nawasikia watakaonijibu. Watasema: "Sisi tulisoma ili tuondokane na jembe, kwa nini tuwarudishe watoto huko?" Jibu langu ni kwamba sijamwambia mtu amrudishe mtoto wake popote. Taifa linahitaji madaktari, mahandisi, wahasibu na mafundi wa mitambo, na si kila mtoto atakuwa mkulima. Lakini kila mtoto atakula, na wengi wao watakuja kuwatumikia wakulima.

Hapo ndipo jambo hili linapotoka nyumbani na kuingia ofisini. Mtumishi asiyejua maana ya msimu huona kuchelewa kwa wiki tatu kuwa ni jambo dogo. Kwake ni karatasi imelala kwenye jalada. Kwa mkulima, mbolea iliyochelewa wiki tatu ni mahindi yaliyodumaa, na mahindi yaliyodumaa ni mtoto aliyekosa ada. Mtumishi huyo huyo akimwona mzee mwenye viatu vyenye tope mlangoni kwake, humwambia "njoo kesho" bila kufikiri kwamba mzee ameondoka kwake usiku, ameacha shamba siku ya kupalilia, na nauli ya kesho hana. Hafanyi hivyo kwa sababu ni mtu mbaya. Anafanya hivyo kwa sababu hakuna aliyemsimulia. Aliyelelewa kwa masimulizi ya mama yake atamwona mama yake katika kila mzee anayesimama mlangoni.

Wengine watasema kwamba wao bado wana mashamba. Ni kweli, watumishi wengi wanayo. Lakini mengi ni yale yanayoitwa kilimo cha simu: bwana yuko ofisini, msimamizi yuko shambani, fedha zinatumwa kwa simu na taarifa zinarudi kwa simu. Sikatai, ni njia ya kujiongezea kipato. Ila mtoto haoni kitu hapo isipokuwa baba yake akimfokea mtu asiyeonekana. Vivyo hivyo kwa wazee wetu. Tunamtumia mama fedha za mbolea kwa simu, tukaona tumemaliza wajibu. Mama anashukuru, lakini anapokea fedha bila mjukuu.

Na wako watakaosema kwamba mjini hakuna ardhi wala nafasi. Hao nawajibu kwamba masimulizi hayahitaji ekari. Yanahitaji mlo mmoja unaoliwa pamoja, televisheni ikiwa imezimwa na simu zimewekwa kando, za wazazi zikiwa za kwanza.

TUFANYE NINI?

Kwa wazazi, pendekezo langu la kwanza ni kulifuta katika vinywa vyetu lile neno nililoanza nalo. Mtoto mvivu akemewe kwa uvivu wake, asitishiwe kwa kazi ya bibi yake. La pili ni kuketi na kusimulia, tena kwa majina na kwa vitu: shamba liliitwaje, jembe lilinunuliwa kwa shilingi ngapi, nani alikuwa hodari na nani alikuwa mtegaji, siku gani mvua ya mawe iliharibu kila kitu. Watoto hawapendi mahubiri, lakini hakuna mtoto asiyependa kusikia kwamba baba yake alianguka mtoni na gunia la maharage.

La tatu, likizo. Wengi wetu huenda vijijini mwezi Desemba kwa sikukuu au wakati wa msiba. Tunafika na vyakula vya mjini, tunaketi kwenye viti vilivyoazimwa kwa jirani, tunarudi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunaondoka siku ya pili. Mwaka mmoja mmoja twendeni wakati wa kazi. Kwetu Umatengo likizo ya mwezi Juni huangukia wakati wa kung'oa maharage na kuchuma kahawa, na kila sehemu ya nchi ina kazi yake ya msimu ambayo mtoto anaweza kushiriki bila kuumia. Wiki moja yatosha. Si lazima afanye mengi, ila afanye pamoja na wazee wake, apate malengelenge, ale alichovuna.

Kwa walimu wenzangu, naomba kwanza tuache kabisa kulitumia jembe kama adhabu. Shule yenye shamba, hata likiwa bustani ya mchicha, iwaonyeshe wanafunzi hesabu zake: mbegu kiasi gani, mavuno kiasi gani, fedha zimefanya nini. Pili, watoto wapewe kazi ya kuwahoji wazee wao. Mwalimu wa Kiswahili atapata insha, mwalimu wa historia atapata historia, mwalimu wa jiografia atapata habari za udongo na mvua, na mwalimu wa hesabu atapata vipimo vya vibaba, debe na magunia. Mtoto atakayerudi nyumbani na kusema "Bibi, mwalimu amesema nikuulize" atakuwa amempandisha bibi yake cheo ambacho hakuna ofisi iliyowahi kumpa.

Haya yote hayangoji bajeti wala waraka kutoka wizarani. Yanangoja jioni ya leo. Nayo hayana muda mrefu wa kungoja, kwa sababu kila mwaka tunazika wazee wanaoondoka na maarifa yao vichwani, na hotuba za mazishini hazirudishi hata moja ya hayo.

DENI LANGU

Mwezi Juni uliofuata tulikwenda nyumbani, mimi, mke wangu na watoto, tukakaa siku kumi. Kijana wangu alichuma kahawa pamoja na bibi yake. Siku ya kwanza alichuma mbichi na mbivu pamoja, akaambiwa azichambue upya zote, moja moja, mpaka usiku. Alinung'unika sana. Siku ya nne alikuja kuniuliza kwa nini shimo la ngolo linachimbwa wakati maji yanaweza kupitishwa mfereji. Nilianza kumjibu kwa maneno ya kitabuni. Mama yangu akaninyamazisha kwa mkono, akamchukua mjukuu wake mpaka shambani, akamwaga ndoo ya maji juu ya mteremko mtupu, kisha ndoo ya pili ndani ya shimo. Hakuongeza neno.

Siwezi kusema kwamba kijana huyo atakuwa mkulima. Yeye anataka kuwa fundi wa umeme, nami namtakia heri. Lakini siku hizi mvua ikinyesha mjini huchukua simu akampigia bibi yake kumwuliza kama na huko imenyesha. Zamani hakujua kwamba mvua ina maana zaidi ya kuchafua viatu.

Mama yangu bado hajaniambia kwamba amenisamehe, wala sijamwuliza. Deni la namna hii halilipwi kwa maneno mawili. Linalipwa jioni baada ya jioni, mezani, kwa kuwaambia watoto wake na wajukuu wake, mbele yake mwenyewe akiwa hai na anasikia, kwamba chakula hiki na kalamu hii vimetoka katika mikono ile. Mchumia juani hulia kivulini, ndivyo wasemavyo wahenga. Sisi tunaokula kivulini leo tulichumiwa na wengine juani. Wengi wao wako hai bado. Tusisubiri kulitaja jambo hilo makaburini.